Tusekile na chungu cha bibi

Tusekile amebonyeza chungu kibichi cha bibi yake leo, chungu kizima kikalala. Na mimi nimekaa hapa nalia kwa furaha.

Ngojeni nieleze.

Mwanangu ana miaka minne, miguu yake haina nguvu tangu azaliwe. Hospitali walituonyesha mazoezi: ashike mianzi miwili, asimame, ainue mguu mmoja mmoja. Baba yake akaifunga mianzi hapa uani.

Kila siku ni kilio. Anakaa chini, hataki.

Leo bibi yake alikuwa anakanyaga udongo wa vyungu. Akausogeza mpaka katikati ya mianzi.

Akamwita Tusekile kwa utani wao wa bibi na mjukuu: "Njoo unisaidie, mke mwenza. Mimi nimezeeka."

Tukamsimamisha. Udongo ukapenya kwenye vidole vya miguu, akacheka. Akakanyaga. Akakanyaga tena, mwenyewe.

Mara akaachia mwanzi mmoja, akaegemea chungu kilichokuwa pembeni. Ndiyo kikalala.

Kilikuwa cha kupeleka sokoni Matema.

Bibi wala hakutazama chungu. Alitazama miguu, bado imesimama.

"Ndaga, mke mwenza, asante. Kingine nitafinyanga. Wewe kanyaga."

Nyie wenye watoto kama wangu, mazoezi yenu mnafanyaje? Mimi nimeshamwosha, nikamlaza mkekani apumzike, nawaza kesho nita... jamani naitwa, bibi anasema Tusekile kajiburuta mpaka kwenye mianzi, anataka kukanyaga tena!