Mbwa wa Nyumba Mpya

Mama mkwe wa Luh Suartini hakuwa mtu wa kusifu. Kwa hiyo alipoinama juu ya kikapu, akamwinua mtoto wa mbwa, akamkagua mdomo na kusema, "Mwanangu, leo umenitua mzigo," Suartini aliona fahari. Fahari hiyo haikudumu.

"Mzigo gani, Meme?" Suartini aliuliza, akimwita 'mama' kwa lugha ya Kibali.

"Huyu. Nimemtafuta mji mzima wa Gianyar. Mwekundu, mdomo mweusi, hana doa. Umempata wapi?"

Suartini alikaa chini.

Yeye ni fundi cherehani, na suala la mbwa alikuwa amelipima kama anavyopima kitambaa kabla ya kukikata. Mumewe, Artawan, alitaka mbwa mkubwa kama wale wa polisi. "Atakula kukuzidi," mkewe alimwambia. Shemeji akapendekeza vile vijibwa vya kupakata. "Hicho mwizi atakitia mfukoni aondoke nacho." Wa mitaani hakutaka hata kuwasikia. Binti yao Sintya, mwenye miaka sita, aliwahi kuumwa na mmoja wao, akachomwa sindano za kichaa cha mbwa, na tangu hapo alikuwa akisikia mbwa akibweka anajikojolea. Suartini alitaka mbwa wa kumponya mtoto hofu. Akaamua: wa Kintamani, mbwa wa mlimani, mwenye manyoya mengi, mkali kwa wageni na mpole kwa watoto wa nyumbani.

Wakapanda mlimani. Mfugaji, mzee aliyejifunika shuka ya sarong hadi kidevuni kwa baridi, aliuliza swali moja tu.

"Wa nini?"

"Wa nyumba mpya, Bapa," Suartini alijibu kwa heshima.

Mzee alimtazama Sintya, akatazama pembeni. Akawapita wale weupe wote ambao wanunuzi huwapenda, akatoa mmoja mwekundu. "Basi ni huyu. Ila mtoto asimzoee sana."

Suartini alidhani anaambiwa mbwa asidekezwe. Wakati huohuo Sintya alikuwa amenyoosha kidole, mbwa akakiramba, na mtoto hakukiondoa. Hilo pekee ndilo mama yake aliloliona. Njia nzima ya kurudi, mtoto alimpakata, na kabla hawajafika alikuwa amempa jina: Kuaci, kama zile mbegu za kutafuna.

Sasa Meme alikuwa akieleza polepole, kama anayemweleza mgeni. Nyumba mpya ingetakaswa kwa kuchinja kuku watano, kama walivyokubaliana. Lakini mwashi alianguka kutoka paani akafa, na kuhani akasema kuku hawatoshi tena. Aongezwe bata, na mbwa mwekundu mwenye mdomo mweusi. Suartini hakuambiwa kwa sababu kazi yake ilikuwa kusuka sadaka za makuti. Wanyama walikuwa shughuli ya Meme.

Kilichomshangaza Suartini hakikuwa sadaka. Rangi ile aliijua tangu utotoni na maana yake aliijua. Alikuwa ameiona kwa macho yake mawili, akaona mbwa mzuri tu.

"Sintya amekwishampa jina," alisema.

"Ungemwambia asimpe."

"Ningemwambiaje, nami sikujua?"

"Binti wa Kibali, hukujua!" Meme alicheka kidogo, bila furaha. "Au cherehani imekula akili? Utalala wewe katika nyumba aliyofia mtu, haijatakaswa?"

Suartini asingelala. Hata yeye alikuwa akikwepa kupita chini ya ile kona ya paa.

Artawan alikohoa. "Tutamletea mtoto mbwa mwingine. Mweupe."

"Mwambie wewe," mkewe alisema.

Artawan alikwenda nje kuvuta sigara.

Kesho yake asubuhi, Sintya akiwa shuleni, Suartini alimweka Kuaci juu ya meza ya kushonea. Mnyama wa sadaka sharti awe mzima, asiye na kasoro. Alimfunga mdomo kwa kitambaa, akamkumbatia kwa mkono wa kushoto, akakata ncha ya sikio. Mkasi ulipita kwa wepesi uliomtisha. Mbwa alilia kwa sauti ya mtoto mchanga. Damu ilidondokea hariri ya mteja, naye akaiacha idondoke, akiitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Meme alikuta jeraha limekwishapakwa dawa. Aliligusa, akaona lilivyonyooka.

"Umemkata mwenyewe."

"Ndiyo, Meme."

Suartini alingoja matusi. Mama mkwe akaketi kwenye kiti cha wateja, ghafla akionekana mzee.

"Huyu hafai tena," alisema. "Mwache mtoto wako acheze naye." Akatoa simu, akamwomba namba ya mfugaji. Suartini akamtajia.

Mazungumzo hayakuwa marefu. Ndiyo, mwekundu. Ndiyo, wa nyumba mpya. Mzee wa mlimani alikuwa na mwingine, wa tumbo moja na yule wa kwanza, angemteremsha mwenyewe.

Sintya alikuwa ameingia, bado na mkoba wa shule mgongoni, Kuaci akimrukia miguuni. Mtoto hakurudi nyuma.

"Mama, nani anakuja?" alimuuliza mama yake. "Ndugu yake Kuaci? Watalala pamoja?"

Suartini alianza kumvua mtoto mkoba. Bibi wa mtoto alimtazama Suartini, akingoja na yeye asikie jibu.