Filamu Iliyokuwa Ikikatikia Njiani

Mvua ya Tukuyu ina harufu yake, lakini mimi nikiisikia hukumbuka harufu nyingine, ya mablanketi mabichi. Yalitundikwa madirishani kwenye kibanda cha video pale Ibighi ili mchana ugeuke usiku, na kwa kuwa huku kwetu mvua haijui likizo, hayakuwahi kukauka. Ndani tulibanana kwenye mabenchi, tukinuka karanga na soksi, macho kwenye luninga ya chogo. Kando yake alisimama kaka Lusajo, mwenye kibanda, akitutafsiria. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, ila mdomo Mungu alimjalia. Wazungu wa kwenye filamu aliwapa majina ya Kinyakyusa, akawalisha mbalaga, ndizi zetu za kupika, na mzimu ukiwakimbiza walikimbilia Kiwira. Tulimpenda sana.

Nilipokuwa darasa la nne ilikuja filamu ya kutisha kuliko zote. Tajiri wa Kizungu anaishi na familia yake kwenye jumba kubwa. Watumishi wanapotea mmoja mmoja, na kuta zinalia. Jikoni yupo mama mmoja mweusi, mtu mzima, macho mekundu, hasemi sana. Kila baya likitokea, kamera inamwendea yeye. Tatizo ni kwamba hatukuwahi kufika mwisho. Radi za alasiri zikianza umeme hukatika, na watu waliotaka kujua imekuwaje, Lusajo akawatungia mwisho wake: yule mama ndiye mchawi, anakula watoto, na hata sisi tunaye wa namna hiyo, anatoka Suma, anauza ndizi sokoni.

Alitaka kuchekesha tu. Lakini bibi yangu mzaa mama alitoka Suma, aliuza ndizi sokoni, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni aliopikia tangu usichana wake. Sidhani kama Lusajo alimkusudia yeye, ila uvumi hauulizi nani alikusudiwa. Lisemwalo lipo, watu walisema, wala hawakungoja hiyo methali iishe. Wateja wakaanza kumpita bibi kama hawamwoni, wanawake waliokuwa wakimwamkia kwa magoti wakageukia upande wa pili. Kisha mtoto mchanga wa fundi baiskeli, jirani yetu, akashikwa na homa. Baba yake akatamka hadharani kwamba mwanawe akifa, kuna nyumba Suma itawaka moto. Nyumba ya bibi ilikuwa ya mianzi na udongo, na mimi nilijua moto unavyopenda mianzi. Nilishindwa kula. Mama alimpelekea bibi ujumbe asithubutu kukanyaga mjini mpaka mambo yapoe.

Bibi akaja. Alisema kama kuna mwanamke anayefanana naye, basi anataka kumwona. Mama akamwendea Lusajo kumwomba aionyeshe tena ile filamu, na Jumamosi asubuhi, kabla radi hazijaamka, bibi aliketi benchi la mbele na kanga zake za kwenda kanisani. Kibanda kilijaa pomoni. Fundi baiskeli alisimama mlangoni, mikono kifuani, na mimi nilikaa nimeushika mkono wa bibi kwa nguvu. Lusajo alianza na madoido yake, bibi akamtazama, naye Lusajo akaacha madoido, akatafsiri kinachosemwa. Katikati ya filamu bibi akamuuliza taratibu, na kila mtu akamsikia.

"Mwanangu, huyu mama anapika, anafua, analala stoo. Huo uchawi anaufanya saa ngapi?"

Watu wakaangua kicheko, na nilihisi hewa ya kibanda inabadilika. Siku hiyo umeme haukukatika. Tukaona kwa macho yetu kwamba tajiri mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwazika watumishi ukutani, kila aliyethubutu kudai haki yake. Mama wa jikoni aliijua siri, akanyamaza, kwa sababu nani katika jumba lile angemwamini mweusi mbele ya bwana? Mwishoni akachukua funguo, akatoka getini kwa miguu yake. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Mzee mmoja nyuma akasema kikulacho ki nguoni mwako, na Lusajo akaomba radhi mbele ya wote. Fundi baiskeli akaikunjua mikono yake. Homa ya mwanawe ilikuwa imeshashuka kwa dawa za hospitali, nadhani aibu nayo ilikuwa imempanda. Alilichukua tenga la ndizi ambalo bibi alikuwa ameliacha mlangoni, akalifunga kwenye baiskeli, akaikokota polepole hadi sokoni, bibi akitembea kando yake, soko zima likiona.

"Ndaga," bibi akamshukuru, na asubuhi ile akauza ndizi zote.

Siku hizi vijana wa Tukuyu hutazama filamu kwenye simu, kila mtu na spika zake masikioni. Hakuna wa kuwatungia uongo, wala wa kuwaomba radhi. Filamu zenyewe zimebadilika. Zamani mtu mweusi alikufa hata hatujalijua jina lake; sasa mara nyingi ndiye anayefika mwisho, na shetani yuko sebuleni kwa wenye mali. Nikiona hivyo nafurahi kama mtoto. Sijidanganyi, vikongwe wanaohukumiwa kwa wekundu wa macho bado wapo, na anayesema mnyonge mnyongeni husahau kwamba haki yake tuliambiwa tumpe. Lakini bibi yangu alikufa kwa uzee, kitandani kwake, Suma, katika nyumba ileile ya mianzi. Jeneza lake lilibebwa na watu sita, na wa mbele kulia alikuwa fundi baiskeli.