Gari la Kupima Vifua

Msimu wa kupuliza dawa mikorosho, huku kwetu Mbekenyera kila mtu anakohoa, na kila mtu anasingizia salfa, ule unga wa dawa tunaopuliza. Mama yangu alikohoa kuliko wote. Gari la eksirei lilipokuja kupima kifua kikuu, likiwa na kompyuta ya akili mnemba inayosoma picha za mapafu, akagoma kabisa.

"Hiyo kompyuta yenu imewahi kupuliza mikorosho?" alinifokea. "Salfa itaijulia wapi?"

Nikapandwa na hasira. Nikamkabidhi mama mwanangu niliyekuwa nimembeba, nikamwambia, "Basi naanza mimi, uone kama inauma." Mimi nilikuwa na kikohozi kidogo tu cha asubuhi.

Ndani ya gari niliegemeza kifua kwenye ubao, nikaambiwa nivute pumzi. Picha ikatokea. Kabla mpimaji hajafungua mdomo, kompyuta ikapaka rangi nyekundu juu ya pafu langu la kulia. Nikamgeukia mpimaji nimuulize kama ile ni salfa.

"Usiogope dada, hapo imeshuku tu," mpimaji alisema. "Tusubiri makohozi yapimwe." Lakini aliyasema hayo huku akivaa barakoa.

Nilishuka garini. Mama alikuwa akinisubiri, anacheka. "Haya, imeuma?"

Mwanangu, ambaye bado ananyonya na kila usiku analala kifuani kwangu, akaninyooshea mikono.

Nikarudi nyuma.