Mwari, Siyo Mwali

Shangazi yangu hana "r". Ukifika kwake Pasiansi atakwambia "kalibu", atakuulizia habari za "balabalani", na akikasirika atakuita "mpumbavu" kwa ufasaha wote kwa kuwa neno hilo halina "r". Wasukuma wengi wa umri wake ndivyo walivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipoingia masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na kitu, ndevu zimenijaa kiasi kwamba siku ya kwanza darasa zima lilisimama na kuniamkia, wakidhani mwalimu kaingia. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufanyisha zoezi la "l" na "r" mpaka ndimi zikaota sugu. Nilitoka pale na cheti cha kidato cha nne na ugonjwa mmoja: kusahihisha watu. Shangazi sikumsahihisha kwa mdomo, ningekula kofi mbele za watu. Nilimsahihisha kichwani. Akisema "lula" mimi nasikia rula, akisema "halusi" mimi nasikia harusi, na nilikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko mkalimani yeyote wa bungeni.

Ndiyo sababu, alipokuja karakanani kwangu mwaka juzi na kuniambia, "Baba, mdogo wako anaagwa mwezi ujao. Mtengenezee heleni za mwali," mimi nilisikia mwari.

Sikukurupuka. Niliuliza.

"Mwari, shangazi?"

"Ndiyo. Mwali."

"Mwari mwenyewe yule?"

"Kwani kuna mwali mwingine? Au umeshaanza kulewa asubuhi?"

"Ni mgumu kumtengeneza, shangazi."

"Mgumu nini? Si unamjua tangu mdogo?"

Nikaona kweli, nawajua tangu mdogo. Mwari ni yule ndege mkubwa wa ziwani, mwenye mdomo kama jembe na mfuko chini yake. Kamusi ya masomo ya jioni ilikuwa na picha yake, na darasa zima ni mimi peke yangu niliyelijua jina hilo kabla ya kufunua ukurasa. Mwali, msichana anayeandaliwa kwenda kwa mumewe, nalo nililisoma, lakini huku kwetu hatulitumii. Sisi tunasema bibi harusi, basi. Sikujua kuwa jirani mpya wa shangazi alitoka Tanga, na kwamba shangazi alikuwa ameshalipenda neno lile kama mtu aliyepewa kitenge kipya.

Niseme kwanza kilichokuwa moyoni. Mimi na mdogo wangu tumebaki wawili kwa mama yetu. Na kwa miaka kadhaa kabla ya posa alikuwa amepoa kwangu. Hakugombana nami. Nilipopiga simu alipokea, nilipokwenda kumtembelea nilipikiwa, lakini nikianza kuchekesha watu, na mimi nikianza huwa hata paka wanakaa kitako, yeye alikuwa anainuka kwenda kutazama kitu jikoni. Sasa alikuwa anaolewa na Mhaya msomi, kwenye familia ya wazee wanaokaa mezani na kuzungumza taratibu kama wanahofia kuamsha mtoto. Nilijua akishaingia huko kabla sijampata, nitakuwa nimempoteza. Hereni zile zilikuwa njia yangu ya kumpata. Sikuwa na nyingine.

Kazi yangu ni kusuka mota zilizoungua: za pampu, za mashine za kusaga, za feni. Nafumua waya wa shaba wa zamani, nasuka mpya. Ule wa zamani, ulioiva kwa moto mpaka ukawa na rangi ya asali, ndio ninaotengenezea ndege. Wa kwanza alikuwa kunguru, alijitokeza mwenyewe nikikunjakunja waya siku umeme umekatika. Mke wa jirani akamtia sikioni, wiki iliyofuata nusu ya Pasiansi ilikuwa inataka kunguru. Nikaendelea na yangeyange anayefuata ng'ombe, na mdiria anayesimama hewani juu ya maji, akipiga mabawa kama amesahau alichofuata. Mimi sichori. Namtazama ndege mpaka mkono wangu uchoke kusubiri, kisha nakimbilia koleo.

Mwari nilimfuata Kigongo, kwenye mwalo ambako mitumbwi ya wavuvi hushusha samaki, Jumamosi tatu. Wale ndege husogea karibu na akina mama wanaopara samaki, wanasubiri matumbo. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kuanzia asubuhi mpaka jua likanibadilisha kabila. Akina mama walinivumilia Jumamosi ya kwanza. Ya pili wakaanza.

"Kaka, umetumwa na serikali kuwahesabu?"

"Muache, anachagua mchumba."

"Yule wa kushoto ni mke wa mtu, usimkonyeze!"

"Naye atamlisha nini, na mdomo ule?"

Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa na wasiwasi. Mabawa nilishayapata, na shingo pia. Mfuko ulikuwa unanishinda. Kwa waya ulitokea kama gunia la mkaa, nao ukikaa sikioni mwa bibi harusi ungemfanya aonekane anahama. Nilifumua ndege kumi na saba, nikisema mia mbili nitakuwa nimeongeza kidogo. Kila jioni nilirudi na kitu kisicho ndege wala kikapu.

Jumamosi ya tatu mama mmoja aliyekuwa anapara sangara alinirushia gamba likanigandia shavuni. Lilikuwa pana kama ukucha wa dole gumba la mguu, linapitisha mwanga, lina mistari myembamba kama ya pete za mti. Nikaomba mengine. Akanijazia mfuko akisema, "Beba, beba, mahari yenyewe hiyo."

Niliyaosha kwa sabuni na ndimu mpaka harufu ikakata tamaa. Nikayaloweka kwenye maji ya binzari yakapata umanjano. Gamba likiwa bichi linakunjika, ukilifunga kwenye mpini wa kijiko likakauka, linabaki na umbo ulilolipa. Nilijaribu umbo la mfuko wa mwari kama nilivyomwona Kigongo, refu, linalolegea chini. Halikupendeza. Nikajaribu tena, na tena. Halafu mchana mmoja, sijui nilikuwa nawaza nini, vidole vikalibonyeza gamba kwa pembeni, likatuna, duara, gumu, limejaa. Nikajua papo hapo. Nilipiga kelele wakanisikia Ukerewe. Ndani ya kila mfuko nikatia ushanga mmoja mdogo mweupe, kama chakula alichokiweka ndege asikimeze. Mpaka leo sijatengeneza kitu kizuri kuliko kile, na hapo siongezi.

Siku ya sherehe ya kumuaga, ukumbi ulijaa. Wakwe walikaa upande wao, kimya na nadhifu. Muda wa zawadi ulipofika tukaenda mbele tukicheza, ukoo mzima, shangazi mbele akitingisha mabega. Mshereheshaji akaninyang'anya kiboksi mkononi. "Kaka mtu! Kaka mtu ametengeneza kwa mikono yake! Bibi harusi, fungua tuone, vaa tuone!"

Mdogo wangu alifungua. Alikuwa anatabasamu kwa sababu ya kamera, na lile tabasamu likabaki palepale usoni, lakini yeye mwenyewe nilimwona akiondoka nyuma yake. Shangazi alichungulia. Kwa bahati mbaya kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Huyu ni ndege gani mwenye mashavu?"

Upande wa ukoo wetu ukalipuka kwa kicheko. Nitaeleza kwa nini. Mdogo wangu alipokuwa mtoto aliitwa Mashavu. Mimi ndiye niliyemwita. Mwaka mmoja mvua ilikataa, chakula kikawa cha shida, naye alikuwa anakula ugali bila kumeza, anauweka shavuni na kutembea nao. Kisa hicho nimekisimulia kwenye ubarikio, kwenye misiba watu wanapohitaji kupumua, kila Krismasi. Kila mwaka kiliongezeka. Mwanzo lilikuwa tonge moja. Baadaye matonge manne. Mwisho alikuwa amelala na kilo mbili za ugali na kichwa cha sato shavuni, na asubuhi kuku wanamfuata. Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Yeye alikuwa anakwenda kutazama kitu jikoni.

Wakwe hawakujua kwa nini tunacheka. Baba mkwe aliinama kumuuliza jirani yake, na jirani yake, binamu yangu, akamweleza. Nilimwona akieleza, mkono shavuni.

Mdogo wangu alifunga kiboksi, akasema "asante, kaka" kwenye kipaza sauti, akakaa. Hakuvaa.

Kosa la mwali na mwari lilijulikana kesho yake, shangazi aliponiuliza kwa hasira kwa nini nimeweka ndege badala ya vijiua kama vya mabibi harusi wa Tanga. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona nimepata kisa kipya. Nikaanza kukisimulia. Kilikuwa kitamu sana: shangazi asiye na "r", mhitimu wa masomo ya jioni mwenye "r" nyingi kuliko akili, akina mama wa Kigongo. Nilidhani kikimfikia mdogo wangu ataelewa kuwa sikukusudia, atacheka, yataisha. Nilimtumia ujumbe: samahani, ilikuwa "l" na "r" tu. Hakujibu. Nikatuma mwingine wenye vichekesho zaidi. Hakujibu huo pia. Miezi mitano ikapita hivyo.

Mwisho nilikwenda kwake Kiseke bila taarifa, mchana, mume wake akiwa kazini. Alinifungulia. Aliniwekea kiti na maji ya kunywa. Nilianza na kisa cha shangazi kabla sijakaa vizuri.

"Nimekisikia," akasema. "Nimesimuliwa na watu sita. Kwa mtu wa tatu mwari alikuwa ameshakuwa na urefu wa ng'ombe."

"Basi unajua sikukusudia. Ni ndege tu. Nilimwona Kigongo."

Akaingia ndani, akarudi na kiboksi, akakiweka mezani kati yetu. Akatoa hereni moja, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Niliona aibu kwa jinsi nilivyofurahi kuiona.

"Mwari mfuko wake uko wapi?"

"Chini ya mdomo."

"Unakaaje?"

"Unaning'inia."

"Na huu?"

Nikatazama. Ulikuwa umetuna kwa pembeni. Nilikuwa nimewatazama mwari Jumamosi tatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na umbo lile. Sikulipata Kigongo.

"Hili ni shavu langu," akasema. "Umelipatia kabisa. Mpaka na ugali umeweka."

Nilikuwa nimeona fahari miezi mitano kwamba vidole vyangu vinabuni, kumbe vilikuwa vinakumbuka.

Nikaanza kusema nitamtengenezea nyingine. Nikasema mdiria, nikasema mbayuwayu mwenye mkia wa uma, nikasema nitaweka magamba kwenye mabawa badala ya mdomo, itapendeza kuliko kitu chochote Tanzania nzima. Aliniacha nikaishiwa.

"Sitaki ndege," akasema. "Nataka unisimulie kile kisa. Kama kilivyokuwa. Usiongeze."

"Kisa gani?"

"Kaka."

Nikanywa maji. Nilijaribu kuanza, nikakuta nimeshaanza na matonge manne, nikaacha. Nikaanza tena. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kumfumua ndege. Kila sentensi niliyoishika ilikuwa na kitu nilichokitia mimi, na nilipokitoa hazikubaki nyingi.

"Ulikuwa na miaka sita," nikasema. "Tulikuwa tunakula mara moja, jioni. Ulikuwa unaweka tonge moja shavuni."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Hukuwahi kuniuliza?"

"Hapana."

"Mama alikuwa anatugawia sisi, yeye hali," akasema. "Nilikuwa namwekea. Mkishalala namletea. Alikuwa anakataa, halafu anakula."

Nje mtu alipita akinadi mkaa. Yeye alirudisha hereni kwenye kiboksi, akakifunika, akakiacha palepale mezani, hakukisukuma kwangu wala hakukivutia kwake.

"Endelea," akasema.

"Halafu nikakuita Mashavu," nikasema. "Mbele ya watoto wa shuleni. Wakacheka. Nikapenda walivyocheka."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza hesabu na kuona ya kwake imelingana. Hakuniambia nimesamehewa, nami sikuuliza. Mara mbili mdomo wangu ulifunguka na neno la kuchekesha likiwa tayari limesimama mlangoni, na mara mbili niliufunga. Baadaye aliinuka, akasema anakwenda kuweka chakula jikoni, na kama nina nafasi ningoje, shemeji yangu yuko njiani.