Injini ya Boti Isiyopewa Kazi

Siku niliyoanza kazi katika karakana ya Kasulu, miaka ya sabini, nilikuwa nimetoka kidato cha nne, nikiona aibu hata kumwamkia Mkuu wa Karakana. Alinikabidhi injini za mashine za kusaga. Nikazitengeneza huko vijijini, Titye na Heru Juu, mpaka nilipohamishiwa Kibondo.

Mkuu wa Kibondo alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja aliniita. Mzee Hamisi, mwenye duka mjini, alitaka kununua boti iliyotumika, abebe maharage ziwani.

"Twende tukaikague injini. Akiinunua, wewe ndiye fundi wake majini."

"Ndiyo, Mzee." Sikuthubutu kumwambia kwamba sijui kuogelea.

Tulipofika ziwani pamoja na Mzee Hamisi, mwenye boti aliiwasha injini. Ikashika mara moja, ikanguruma vizuri. Mkuu akatega sikio, akatabasamu. Mzee Hamisi akanyoosha mkono wapatane.

Kwetu kwenye kusaga, injini isiyofungwa mkanda wa kuzungusha kinu hulia vizuri hata ikiwa imechoka. Funga mkanda, mwaga mahindi, ndipo inakohoa. Na boti ile haikutiwa gia. Propela, ile inayosukuma maji, ilikuwa imesimama tu.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia Mkuu.

"Umeniamkia asubuhi. Sema shida yako."

"Tuifunge boti kwenye kisiki, itiwe gia. Ivute."

Mwenye boti akacheka. "Muha wa milimani anifundishe boti! Hapa hatusagi mahindi, bwana mdogo."

"Ifungwe," akasema Mkuu.

Kamba ikakaza. Haikupita robo saa, moshi ukawa mweusi, maji ya kupoza yakaacha kutoka ubavuni, injini ikazima. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepauka kama chai ya maziwa: maji yalishaingia ndani.

Mzee Hamisi akaiweka mikono yake nyuma. "Alhamdulillahi. Na wanangu nilishawaahidi safari ya kwanza!"

Mimi nisiyejua kuogelea nilikaa mchangani, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nimestaafu sasa. Mafundi vijana hunijia, wananiwashia injini mlangoni, wanataka nisikilize tu niseme nzima au mbovu. Nawaambia wakaifanyishe kazi kwanza. Wengine hununa. Wakirudi jioni hawaniulizi tena, wananieleza wenyewe.