Leseni Imekwenda, Punda Amebaki

Jamani, leo mahakamani hapa Amu nimenyang'anywa leseni mwaka mzima!

Polisi walinikamata Kililana naendesha pikapu nimelewa. Mimi, niliyewahi kurudi kinyumenyume hadi Mokowe nimefumba macho!

Hakimu akisoma hukumu, nami namsikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Mke wangu, Bi Mwanaesha, alishasema: nikiwa mlevi wa kila siku, anarudi kwao Siyu.

Tulipotoka nje nikamwapia, "Wallahi, tembo la mnazi nilionja siku ile moja tu."

Akalainika kidogo.

Tukarudi nyumbani, mimi juu ya punda wangu, yeye kando. Punda hadaiwi leseni! Upepo laini, kuta nyeupe zapita polepole, nikajiona naelea. Nikaachia kamba, nikafumba macho. Punda wangu ndia ya nyumbani aijua.

Mara akasimama.

Nikafumbua macho. Tuko mlangoni kwa muuza mnazi! Punda ametulia, angoja nishuke, kama kawaida yake.

Bi Mwanaesha akamtazama punda, kisha mimi.

"Na huyu naye, Bwana, alikuja siku moja tu?"

Nyie mngejibu nini? Semeni haraka, yuko chumbani anakunja nguo.