Breki ya Bwana Albert

Jirani yangu Kisimba alikuwa fundi wa kazi ambayo isingekuwapo kama matajiri wangekuwa na haya. Lori la Bwana Albert, lililoleta mahindi kutoka Kaniama hadi stesheni ya Kamina, halikuwa na breki za maana. Badala ya kununua nyingine, Bwana Albert aliajiri mtu. Kisimba alipanda nyuma na gogo zito mkononi. Lori liliposhindwa na kilima likaanza kurudi nyuma, aliruka chini na kulisukumia gogo lile chini ya gurudumu. Sokoni walimwita Freni, yaani breki. Naye, maskini, alivimba kichwa.

Mwaka 1952, kwenye kilima kilicholowa mvua, gogo liliteleza. Gurudumu likamsaga Kisimba mguu, na hospitali wakaukata juu ya goti.

Tuliambiwa kwamba aliyeumia kazini hulipwa, ila kama kosa ni lake mwenyewe. Malipo hayo ndiyo yangekuwa chakula cha Kisimba na watoto wake maisha yote. Mkewe, Clotilde, alimwonya njia nzima: "Useme tu freni ilikuwa mubaya. Usiongeze kitu."

Katika ofisi ya serikali iliyoamua malipo hayo, Bwana Albert alipewa kiti. Kisimba aliegemea gongo lake, na sisi tuliomsindikiza tulijibana mlangoni.

"Freni ya kamiyo ilikuwa muzuri?" afisa Mbelgiji aliuliza.

"Hapana, Bwana. Ilikufaka zamani."

Moyo wangu ukatulia. Ndipo Bwana Albert akamgeukia, mpole kama padri. "Kisimba, myaka yote hii, weye ulishindwaka kusimamisha kamiyo yangu, hata mara moya?"

Laiti angeuma ulimi! Kisimba alijinyoosha juu ya gongo, akajipiga kifua.

"Minyi? Hata siku moya! Muulize shofere. Freni njo minyi!"

Clotilde akajifunika uso. Bwana Albert akasema Kifaransa, nami kazi ya reli ilishanifundisha kukisikia: lori lina breki, mwenyewe amekiri, ila siku ile breki ilizembea. Wakacheka wote wawili. Afisa akaamua kosa ni la Kisimba, halipwi kitu. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile natamani kuvunja kitu.

Pale nje Bwana Albert alijifanya mtu mwema. Akasema atamwajiri Kalenga, mdogo wake Kisimba, aanze Jumatatu. Kijana akakubali papo hapo, maana nyumbani hapakuwa na unga.

Clotilde alilia, akamsihi mumewe amkataze kijana. "Na weye utamufundisha ile kazi?"

"Nisipomufundisha, ataenda vile vile," Kisimba akajibu. "Na atakufa."

Jumapili, baada ya misa, nilimwona amekaa uani, akimfokea mdogo wake aruke upesi zaidi.